Moto kwa Lojz

Rozka Plahuta alikuwa na hasira tangu utotoni, na kijiji kizima cha Podgrmada kilijua. Wengine walisema aliirithi kwa bibi yake, aliyewahi kumfukuza mkusanya kodi kwa mwiko. Wengine walisema ni maziwa ya mbuzi aliyokuzwa nayo. Ukweli ni kwamba Rozka hakuweza kuona kitu kimepinda akanyamaza. Kwenye kiwanda cha mashati, alikoshona kola mpaka siku kilipofungwa, alimwambia msimamizi mbele ya wenzake wote kwamba hotuba yake ya kuwaaga imejaa uongo, kisha akabeba mkasi wake akaenda zake.

Kwetu milimani hasira si sifa. Sifa ni moja tu, na katika Slovenia nzima mtoto huisikia kabla hajalizoea jina lake: priden. Ukimaliza uji wako, wewe ni priden. Ukifyeka nyasi kabla jirani hajaamka, ni priden. Maana yake ni mchapakazi, ni mwema, ni mtu asiyesumbua watu; yote matatu yamo ndani ya neno hilo moja na hakuna anayejisumbua kuyatenganisha. Mtu anaweza kuwa mchoyo, anaweza kuwa mkali kwa mkewe, lakini kama kuni zake zimepangwa vizuri ukutani na maua yamechanua dirishani, watu watasema, ah, ila ni priden. Na akifa, hilo ndilo litakalosemwa kaburini.

Tine, mdogo wake Rozka, alikuwa priden kupita kiasi. Alifanya kazi kwenye kinu cha mbao mchana na shambani jioni, hakuoa, hakulewa, hakudai. Kisha msimu mmoja wa kupukutika majani akazidi. Aliezeka upya paa la ghala. Alizunguka nyumba za majirani akiwanolea mafyekeo. Alimpasulia dada yake kuni, akazipanga chini ya ukingo wa paa zikanyooka kama ukuta wa kanisa, akamletea na kodiani yake akisema hana muda tena wa kupiga muziki. Rozka alimshukuru. Alimkatia kipande cha mkate mtamu wa jozi akamwambia, "Wewe mwaka huu umetushinda wote kwa kazi, mdogo wangu." Wiki hiyo hiyo Tine alijiua.

Baada ya maziko watu walikaa mezani kwenye mkahawa wa kijiji, kama ilivyo desturi, wakala nyama na viazi wakanong'ona. Moyo, walisema. Moyo wake ulisimama ghafla. Maskini, alivyokuwa priden. Rozka aliwasikiliza mpaka sahani ya pili, kisha akasimama.

"Moyo wa kila maiti umesimama!" alisema. "Tine hakuumwa moyo. Tine amejiua. Semeni basi! Midomo mnayo ya kutafunia, kwa nini msiitumie kusema?"

Vijiko vilitulia. Mama yake alimvuta sketi. "Kaa chini, Rozka. Watu wanatuangalia."

"Sasa ndiyo wanatuangalia, mama? Walikuwa wanaangalia wapi siku zote?"

Hakukaa. Alitoka akarudi nyumbani kwa miguu na viatu vyake vya msibani, na tangu siku hiyo kijiji kikamwogopa kidogo, kama unavyomwogopa mbwa aliyewahi kukata mnyororo.

Mtu mwingine angeinamisha kichwa, angewasha mshumaa kila Jumapili, angezoea. Rozka hakuzoea. Aliukasirikia mkate wa jozi. Alimkasirikia Tine, akaenda makaburini kumtukana kwa sauti, mwanakwaya akamsikia akamsimulia padri. Zaidi ya yote alilikasirikia lile neno. Katika vijiji vya jirani aliuliza juu ya waliojiua, mmoja baada ya mwingine, na kila mahali alijibiwa vilevile: hatukuona kitu, nyumba yake ilikuwa inang'aa, alikuwa priden. Yaani watu walikuwa wanafunga virago mbele ya macho yetu nasi tunawapigia makofi!

Kwetu ukitaka jambo lifanyike, hulipeleki kwa diwani. Unalipeleka kwa wazimamoto wa kujitolea. Hao ndio wanaozima moto, wanaovuta magari mitaroni, wanaochoma nyama kwenye sherehe na kubeba majeneza. Rozka alijiunga na kundi lao la akina mama. Akamtafuta muuguzi wa kituo cha afya, binti mpole aliyevaa miwani, akamleta awafundishe kwenye banda la wazimamoto, kati ya gari na vigingi vya makoti. Wanawake walijaa. Mwanamume hakuja hata mmoja. Muuguzi aliwaambia wamuulize mtu waziwazi, kwa neno lenyewe, kwa sababu kuuliza hakumwingizii mtu wazo kichwani. Na akikubali, wasimwache peke yake mpaka amefika penye msaada.

"Kwa neno lenyewe?" aliuliza bibi mmoja. "Nimwambie mtu usoni?"

"Usoni, bibi."

"Mungu wangu. Afadhali niingie kwenye moto."

Kila Desemba wazimamoto hupita nyumba kwa nyumba na kalenda ya mwaka mpya, na kila nyumba huwamiminia glasi ya pombe kali ya matunda, ndiyo maana kalenda za nyumba za mwisho hufika zimekunjamana. Mwaka ule Rozka alitaka chini ya kila mwezi, pembeni ya namba ya kuita zimamoto, iandikwe namba ya simu ya kuwasaidia watu wenye mawazo ya kujiua. Kamanda Drago, fundi wa matrekta, mwenye kifua kipana na sauti ya kuagiza, alipiga meza.

"Kalenda hii inatundikwa jikoni, Rozka! Watu wanakula chini yake!"

"Wanakula, Drago, na hawasemi kitu."

"Sisi kazi yetu moto. Tuna gari, tuna mipira ya maji. Mambo ya kichwani yana wenyewe."

"Wenyewe ni nani? Wanaochimba makaburi?"

Walikubaliana herufi ndogo. Rozka akanunua kalamu nyekundu, akaizungushia kila namba duara kubwa, akabeba kalenda mwenyewe. Mlangoni hakusema heri ya Krismasi. Aliuliza, "Humu ndani kuna anayefikiria kujiua?" Wengine walifunga mlango. Mmoja alimjibu, "Hapana, Rozka, lakini ukiendelea kusimama hapo nitaanza." Wanaume walicheka wakimsimulia Drago. Ila kuna mama mmoja alimvuta ndani, akafunga jikoni, akalia kwa muda mrefu, na Rozka, ambaye hajui kubembeleza, alikaa naye akimenya viazi vyake.

Lojz alipokea kalenda akicheka, akampa chupa ya asali. Lojz alikuwa mgane wa juzi juzi, mfuga nyuki, mpole kuliko nyuki wake, na ndiye aliyekuwa rafiki mkubwa wa Tine. Hakuna aliyemwona akilia mazikoni kwa mkewe. Februari alianza kugawa mizinga yake. Mmoja kwa padri, mmoja kwa shule, mingine kwa majirani, kila mmoja umepakwa rangi upya. Alirudisha kila chombo alichowahi kuazima, hata msumeno ambao mwenyewe alikwisha kuusahau. Alisafisha karakana mpaka sakafu ikaonekana.

Jumapili moja baada ya misa, watu wamesimama nje ya kanisa wakipuliza vidole kwa baridi, Drago alimpiga Lojz begani. "Mwangalieni huyu! Hana mke, na nyumba yake inang'aa kushinda zetu. Huyu ndiye priden, mjifunze."

Watu waliitikia kwa vichwa. Lojz alitabasamu, akawapa mkono wote, mmoja mmoja, akaondoka. Rozka alimkumbuka Tine. Hakuaga mtu. Alimfuata juu mlimani kwenye barafu, akiteleza na kulaani, akafika nyumbani kwake akiwa hoi.

Ilikuwa Jumapili, saa ya chakula. Kwetu saa hiyo kila jiko linanuka supu ya nyama ya ng'ombe yenye tambi, hata la maskini, hata la mgonjwa. Jiko la Lojz lilikuwa limefagiliwa, limekauka, limepoa.

"Supu iko wapi?" Rozka aliuliza.

"Sina njaa. Kaa, nikupe divai."

"Sitaki divai. Mbona umegawa nyuki?"

"Nimezeeka, Rozka. Nimechoka nao. Nimepanga vitu tu, ili nisimwachie mtu kazi."

"Umwachie nani kazi? Unakwenda wapi wewe?"

Lojz alipangusa meza isiyokuwa na kitu juu yake.

"Lojz, unafikiria kujiua?"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu."

"Nitapiga! Tine nilimsemesha taratibu, nikampa na mkate wa jozi! Nijibu."

Alikaa kitini, mikono kwenye magoti kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. "Ndiyo," alisema.

"Lini?"

"Leo. Nilikuwa nangoja watu wale kwanza. Sikutaka kuwaharibia Jumapili."

Hapo Rozka alitamani kuvunja kitu. Sikutaka kuwaharibia Jumapili! Mtu anaondoka duniani na bado anawafikiria watu wengine na sahani zao za supu, na hao watu wamekaa huko chini wanamsifu. Alimpokonya Lojz kitambaa cha kupangusia akakitupa sakafuni, kwa kuwa hakikuwepo kingine karibu. Kisha akavuta kiti, akaketi kati ya Lojz na mlango, akatoa simu.

Gari la wagonjwa lilikuwa tayari kuja, lakini barabara ya juu ilikuwa barafu tupu na mashine ya kukwangua theluji ilikuwa upande wa pili wa bonde. Usimwache peke yake, watu wa hospitali walimwambia simuni. Waombe wazimamoto wenu wamshushe mpaka barabara kuu, wana minyororo ya kufunga magurudumu yasiteleze. Rozka alimpigia Drago nyumbani.

"Drago, lete gari kwa Lojz. Anataka kujiua. Tumshushe hospitali."

Kijiko kiligonga sahani. "Nimemwona sasa hivi kanisani, mzima kabisa. Acha kumwaibisha mtu."

"Amenikubalia mwenyewe. Yuko mbele yangu."

"Mpe kinywaji, mwambie alale kidogo. Kesho atakwenda kwa daktari kwa miguu yake, kama watu."

"Angevunjika mguu ungekuja?"

"Mguu ni mguu, Rozka!" Drago alikata simu.

Rozka aliitazama simu. Nimekwisha kusema kwamba hakuweza kunyamaza. Sasa mtajua kwamba aliweza pia kusema uongo. Alipiga tena namba ile ile, na kama alivyotarajia, safari hii alipokea Marica, mke wa kamanda.

"Marica, moto! Moto kwa Lojz!"

King'ora kililia bonde zima. Ungewaona! Wanaume waliacha vijiko vinaelea, wakatoka mbio wakifunga vifungo, na gari jekundu likapanda mlima kwa minyororo likinguruma. Walifika kwa Lojz wakaruka chini na helmeti zao, wawili wameshakunjua mpira wa maji. Rozka alisimama mlangoni, mkono wake mmoja umeshika koti la Lojz aliyekuwa nyuma yake ndani.

"Moto uko wapi?" Drago alipiga kelele.

"Hakuna."

"Hakuna?" Uso wake ulikuwa mwekundu kama gari lake. "Wewe mwanamke una akili? Unajua sheria? Je, kama sasa hivi kungekuwa na nyumba inaungua kweli? Nitakufukuza kikosini! Nitakupeleka polisi!"

"Nipeleke! Umekuja lakini! Kwa moto umekuja, kwa mtu ulikuwa unakula!"

Lojz alijitoa mkononi mwake akapita mbele. Alikuwa amevaa koti la kanisani bado. Hakuweza kuvumilia mtu agombezwe kwa ajili yake. Hilo ndilo lililomtoa nje.

"Msimgombeze," alisema. "Ni kweli. Nilitaka kujiua leo. Samahanini kwa supu zenu."

Maji yalikuwa yakidondoka mdomoni mwa mpira. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mwishowe mchinjaji wetu, mtu mnene asiyekuwa na maneno, alivua helmeti akasema, "Aa, supu itapashwa, Lojz," akamshika mkono akampandisha kiti cha mbele. Rozka alipanda nyuma yao. Drago ndiye aliyeendesha.

Msije mkadhani kwamba walimshukuru. Mkutano mkuu wa kikosi ulikaa, wakajadili king'ora cha uongo, wakamvua Rozka sare kwa mwaka mzima. Wengine waliinua mkono wakitazama meza. Rozka aliwaambia watunze vizuri hiyo sare, isije ikachakaa kwa kazi, akaubamiza mlango, jina la kikosi lililobandikwa kwenye kioo likadondoka.

Lojz alikaa hospitali mpaka miti ya micheri ilipochanua, Aprili. Aliporudi hakuwa mpole tena. Alikuwa na dawa zake, siku zake mbaya za kutotoka kitandani, na mdomo ambao hatukuwahi kuujua. Alimwambia padri mahubiri yake ni marefu. Nyasi zake zilifika magotini. Kuni zilikaa zilipoangukia. Dukani wakaanza: Lojz ameharibika, Lojz mvivu siku hizi, mkewe angeona angelia.

"Mkewe ameshamwona," Rozka aliwarukia, "Lojz huwa anakwenda kumsomea magazeti kaburini! Nyie mlitaka nini, nyasi fupi na jeneza?"

Wakahamia kwake. Ikawa mzaha wa kijiji. Akipita karibu na mkahawa, vijana huita, "Rozka, njoo, kuna moto hapa!" na kucheka. Watu wazima pia. Wakati mwingine simu yake ililia, mtu akasema "moto!" kwa sauti ya kubana akakata. Rozka aliwajibu kila mmoja kwa matusi ya kumtosha, matusi ambayo bibi yake angejivunia.

Asubuhi moja ya Juni, kijiji kizima kiko mashambani kukata nyasi, simu yake ilimkuta anachuma maharage. Alikuwa Drago.

"Rozka," alisema. "Hapa kwangu kuna moto."

Alishika ndoo kwa nguvu. Kamanda mzima! Aliyemvua sare, sasa naye anajiunga na watoto wa mkahawani. "Drago, mpuuzi mkubwa we," alianza, "huna kazi ya kufanya leo? Nenda kacheke na..."

Alingoja kicheko. Hakikuja. Alisikia pumzi, na nyuma ya pumzi saa ya ukutani ya jikoni kwa Drago. Marica alikuwa kwa binti yao, mjini Maribor, tangu wiki iliyopita. Rozka alijua, wote tulijua. Na jana yake alimsikia mtu akisema Drago amepaka rangi matrekta yote, ya wateja na yake.

"Moto gani?" aliuliza.

"Moto tu. Unajua."

"Sijui. Sitaki mafumbo yako. Drago, unafikiria kujiua?"

Saa ikasikika tena.

"Ndiyo."

Rozka aliangusha ndoo, maharage yakamwagika. Hakutafuta viatu, alitoka na kandambili zake za bustanini, akapita katikati ya nyasi ndefu za mtu, simu imebanwa sikioni.

"Sikiliza. Toka hapo jikoni, kaa nje kwenye benchi, mahali nitakapokuona. Umetoka?"

"Nimetoka."

"Usikate simu, mbuzi we. Ukikata nitakuzaba vibao mbele ya kikosi chako. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mguu ni mguu, eti! Una kichwa kama gurudumu, unajua?"

"Najua."

"Mjinga!"

"Ndiyo."

Alikuwa anakimbia sasa, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, pumzi zinamwishia, na wakata nyasi walisimama na mafyekeo yao wakimsikia anavyotukana. Kila tusi alilotupa alingoja jibu lake, na lilipokuja aliongeza mwendo.